Nilifeli Vizuri Mno

Watu wakitaka usamehe haraka hukuambia yaliyopita si ndwele. Nimeambiwa hivyo na shangazi, na mchungaji, na hata mwenye duka ninayenunua kwake sukari hapa Katoro. Huwa nawaitikia, maana kubishana na mtu mzima hadharani si adabu, halafu naondoka na kinyongo changu kikiwa kizima. Kinyongo hicho ni juu ya baba yangu mzazi. Nimekitunza miaka mingi na sina mpango wa kukitibu.

Nilizaliwa katika kijiji ambacho si mbali na machimbo ya Mwakitolyo, Shinyanga Vijijini. Baba alikuwa na ng'ombe wa kutosha kumpa kiti cha mbele kwenye kikao chochote. Halafu dhahabu ikamwingia kichwani. Aliuza ng'ombe mmoja akaingia ubia kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, na kazi yake ikawa kuwalisha vijana wanaochimba, kununua magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke, na mafuta ya pampu. Kila alipokwenda kuwatazama walimwambia mwamba umekaribia. Akauza mwingine. Mwamba ukaendelea kukaribia mpaka zizi likabaki tupu na majani yakaota ndani yake. Siku moja duara lilijaa maji, vijana wakakusanya ndoo zao wakahamia kwa tajiri mwingine.

Baada ya hapo baba alianza kunitazama mimi. Nilikuwa darasa la sita, nimeanza kurefuka; dada yangu mkubwa alikuwa amefeli la saba zamani, ameolewa, na ng'ombe wake walishaishia duarani. Kwetu binti huolewa kwa ng'ombe, na kwa mwanamume mwenye zizi tupu, binti mrefu ni kundi ambalo bado halijaletwa tu. Kizuizi kilikuwa shule. Mtoto akifaulu darasa la saba anapangiwa sekondari, na mzazi akimzuia, mtendaji wa kijiji anamfuata hadi shambani. Lakini mtoto aliyefeli hana anayemuuliza. Kwa hiyo nyumba nyingi za kwetu zilikuwa na dawa rahisi: binti anaambiwa afeli.

Mimi niliambiwa tukipukuchua mahindi. Mama alikuwa pembeni yetu, na mikono yake haikusimama hata kidogo.

"Ng'wanone," baba aliniita kwa Kisukuma, mwanangu, kwa sauti ambayo hakuitumia mara nyingi. "Unaipenda nyumba hii?"

"Ndiyo, baba."

"Basi mitihani ikija, chagua majibu yasiyo. Usimwambie mtu."

Sikulia. Shule nilikuwa siipendi. Ilikuwa mbali, ina vumbi, na nusu ya siku tulikuwa tunachota maji ya walimu. Baba alikuwa ameniomba kitu, mimi na si kaka zangu, na nilijiona mtu mkubwa. Nikaanza kusinzia darasani kwa moyo mweupe.

Darasa la saba tuliletewa mwalimu mpya wa hisabati, mama mmoja aliyehamishwa kutoka mjini. Nyumba yake ilikuwa Ngokolo, hukohuko mjini. Ijumaa moja moja alikwenda kuwaona wanawe, na Jumatatu alirudi kwa bodaboda akiwa na vumbi hadi kwenye kope, tayari ana hasira na mtu. Hakuchapa. Alikusema tu, polepole, mpaka ukatamani angechukua fimbo mkamalizana. Wenzangu walimwogopa, mimi nilimwona kero ya mwaka mmoja ambayo ingepita.

Ukafika mtihani wa majaribio. Hisabati ilikuwa ya kuchagua: kila swali lina majibu yenye herufi, nawe unaisiliba herufi ya jibu lako kwa penseli mpaka iwe nyeusi. Wasichana wengine walioagizwa kama mimi walifeli kivivu. Walisiliba popote, kisha wakalala. Mimi nikitumwa kazi naifanya. Nilikokotoa kila swali nyuma ya karatasi, nikapata jibu, nikalihakiki, halafu nikasiliba herufi ya jirani yake. Mwisho nikafuta hesabu zangu zote kwa kidole chenye mate.

Matokeo yaliposomwa nilikuwa nimepata sifuri. Darasa zima lilicheka, na aliyecheka zaidi ni mvulana aliyekuwa amelala nusu ya mtihani. Nilikwenda nyumbani nikiwa na furaha. Jioni ile baba aliniletea soda kutoka senta, kitu ambacho hakuwahi kukifanya miaka niliyokuwa nafaulu.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, mwalimu alinizuia mlangoni. Alikuwa na karatasi yangu mkononi.

"Ulibahatisha?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Maswali yote?"

"Ndiyo, mwalimu."

Aliketi kwenye dawati la mbele, magoti yake yakagonga ubao wa dawati. "Mbuzi wa kwenu nikimfunga penseli mguuni akakanyaga karatasi hii, atapata mawili matatu. Yule aliyekuwa anakoroma nyuma kapata manane. Wewe sifuri. Unajua mtu anapataje sifuri kwenye mtihani wa kuchagua?"

Nilitikisa kichwa.

"Lazima ayajue majibu yote. Asipoyajua, hawezi kuyakwepa yote."

Nimewasikia watu wakisimulia jinsi walivyofurahi siku mwalimu alipowaambia wana akili. Mimi niliogopa. Nilidhani ananipeleka kwa mwalimu mkuu, mwalimu mkuu atamwita baba, na baba ataona nimeshindwa hata kufeli. Mwalimu aliniuliza ni nani aliyenituma. Nikasema hakuna.

"Basi usiseme. Mimi si mgeni wa mambo haya," alisema, akaikunja karatasi akaitia kwenye mkoba. "Sikiliza. Nitakufundisha kama mtu anayekwenda sekondari. Siku ya mtihani ukitaka kufeli, feli. Penseli itakuwa mkononi mwako, sitaweza kuishika. Lakini hutafeli kwa sababu hujui."

Nilimchukia. Kila siku aliniita ubaoni. Nikisimama kama gogo, nikijifanya sielewi, aliliambia darasa, "Tumsubiri. Anajua, bado hajaamua." Wenzangu walicheka, yeye hakucheka. Tulisubiri kweli, kengele ya mapumziko ikalia, nje watu wakala mihogo yao, sisi tukiwa bado tunasubiri. Ningeweza kuvumilia kuchekwa. Kilichonishinda ni yule mama kukaa pale na njaa yake, akinitazama kama mtu anayesubiri maji yachemke, bila wasiwasi hata kidogo kwamba yatachemka. Hatimaye nilikuwa naandika jibu ili tutoke tukale.

Akaanza kunipa maswali ambayo hayakuwa ya darasa letu. Lile la kwanza nilikosea, nikakosea kweli, bila kukusudia, na usiku sikupata usingizi vizuri kwa ajili yake. Asubuhi nikiwa njiani na ndoo kichwani nikaliona kosa lilipo. Nilikasirika kwa kugundua kwamba linanihusu. Hata hivyo agizo la baba lilikuwa palepale, na nilikuwa bado nakusudia kulitimiza.

Kisha wageni wakaja. Walikuwa wazee watatu kutoka kwa wafugaji wa ng'ambo ya mto, wamekuja kuniangalia. Mama alinipa jagi na beseni niwanawishe mikono. Nilipiga magoti mbele ya mkubwa wao, nikammiminia maji, naye akamuuliza baba juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni beseni.

"Shuleni anaendeleaje huyu? Tusije tukachukua mke, kesho serikali ikaja kumdai."

Baba alicheka. "Huyu? Huyu kichwa chake ni cha kubebea ndoo. Hisabati kapata sifuri, shule nzima inamcheka. Muulizeni yeyote."

Wakacheka wote watatu. Mkubwa wao alijifuta mikono akasema mwanamke mwenye akili nyingi ni taabu, huyu atawafaa. Mama aliinama akapuliza moto uliokuwa unawaka vizuri.

Ile sifuri nilikuwa nimempa baba. Niliikokotoa swali kwa swali kwa ajili yake, niliilinda nikachekwa, na siri ilikuwa yetu. Angeweza kuwaambia wageni kwamba mimi ni mtiifu. Angeweza kusema shule hatuipendi, basi, yakaisha. Aliona afadhali aniite mjinga mbele ya watu nikiwa nimepiga magoti na jagi mkononi, na aliponitazama hata hakukonyeza. Nilimalizia kuwanawisha wote, nikamwaga maji nje, na huko nje niliapa. Nilikuwa mtoto, lakini kile kiapo hakikuwa cha kitoto.

Jumamosi nilikwenda kwenye nyumba ya walimu. Mwalimu alikuwa anachambua dagaa.

"Mwalimu, shikamoo. Naomba unifundishe."

"Marahaba. Siku zote hizi nafanya nini?"

"Unifundishe vizuri. Nataka kumkomoa baba."

Nilitegemea mahubiri, waheshimu baba yako na mama yako. Mwalimu alisogeza ungo wa dagaa, akanivutia kigoda. "Kaa. Mtu akitaka kumkomoa mwenzake hatakiwi kukosea hata asilimia. Tuanze na hizo."

Ikawa kila Jumamosi anapokuwa kijijini. Baada ya muda baba alianza kuuliza ninakwenda wapi, na siku moja alinifuata. Nilimwona kupitia dirisha anaegesha baiskeli, nikadhani yamekwisha. Mwalimu alinipokonya daftari akalikalia, akanitupia shati kwenye beseni la maji.

"Karibu, baba," alimwambia mlangoni. "Umekuja kumwona mwanao? Ananisaidia kufua na kuchota maji. Samahani sikukutaarifu. Nimeona masomo hayamwingii kabisa, huyu mtoto hana kichwa, basi angalau ajifunze kazi za nyumbani."

Baba alilainika mpaka mabega yakashuka. Alimshukuru, na wiki iliyofuata alimletea mwalimu kikapu cha matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa vikakaushwa juani. Tulivitafuna na karanga huku tukikokotoa riba na eneo la duara. Maneno ya mwalimu kwa baba yalikuwa yaleyale ya baba kwa wageni. Yalipotoka kwa baba yaliniangusha, yalipotoka kwa mwalimu nilikaribia kucheka nikiwa nimeinamia beseni, kwa sababu nilijua alikuwa amekalia nini.

Kabla ya mtihani wa taifa ng'ombe wa kwanza wa mahari yangu walikuwa wameshafika. Baba alikuwa amewaona zizini kwa muda mfupi tu, kisha watu wa machimboni wakamnong'oneza habari za duara jipya, na baadhi ya ng'ombe hao wakaondoka usiku kwenda mnadani. Asubuhi ya mtihani alinisindikiza kwa baiskeli hadi karibu na shule.

"Unakumbuka?"

"Nakumbuka, baba."

Wasimamizi walikuwa wageni na askari alikuwa nje. Swali la kwanza nililifanya, nikapata jibu, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye herufi ya jirani, kwa mazoea. Niliurudisha. Nikasiliba niliyoikokotoa. Nilimwona baba kila niliposhika penseli, amekaa kwenye kigoda chake anawachekesha wageni, na kila herufi niliyoisiliba niliisiliba kwa ajili yake. Jioni aliniuliza kama nimefanya alivyoniagiza. Nikamwambia nimefanya. Uongo ule haujawahi kuninyima usingizi.

Matokeo yalipotoka mtendaji alikuja mwenyewe nyumbani, na mwalimu nyuma yake. Alisema nimechaguliwa sekondari na kwamba katika hisabati hakuna aliyenifikia shuleni.

"Mmekosea jina," baba alisema. "Huyu ni wa sifuri."

"Si jina," mwalimu alimjibu. "Ni huyu."

Baba alinigeukia. Nadhani alikuwa anatafuta sura ya mtoto aliyekosea kwa bahati mbaya. Nilimtazama usoni, jambo ambalo binti wa kwetu hafanyi, mpaka akaelewa. Mkono wake uliinuka ukakumbuka kwamba mtendaji yupo.

Wazee wa ng'ambo walikuja kuchukua ng'ombe wao na hawakuwakuta wote. Ukapigwa kikao. Baba, mwenye kiti cha mbele, alizunguka kwa ndugu zake akiomba ng'ombe wa kufidia, na kila nyumba ilimpa maneno kwanza. Siku ng'ombe walipotolewa zizini nilikaa kwenye kigoda nje nikamenya karanga, nikatazama mpaka mkia wa mwisho ulipopotea. Mama aliniambia niingie ndani, ni aibu. Nikamwambia sijashiba.

Baba aliacha kusema na mimi. Mwalimu aliporudishwa mjini alinichukua nikasome sekondari ya mjini nikikaa kwake Ngokolo, kwenye chumba cha wanawe waliokwisha kuondoka, na alinisimamia mpaka chuo. Hakunibembeleza hata siku moja. Nikileta alama nzuri alisema, "Nilijua," akaendelea kukoroga ugali. Leo nami nafundisha hisabati, hapa Katoro.

Nilipopata mchumba, simu ya baba ikapona ububu. "Ng'wanone, nasikia kuna wageni." Sauti ilikuwa ileile ya siku ya mahindi. Nilimwambia mchumba wangu kwamba ng'ombe wangu watakwenda Ngokolo kwa mwalimu. Alishangaa, akasema wazee hawawezi kukubali ng'ombe wapokewe na mwanamke asiye hata wa ukoo. Nikamwambia wasipokubali, tutafunga ndoa bomani na hakuna atakayepokea hata kwato. Wazee wake waliguna wiki nzima, kisha wakakubali. Ni mama aliyenipigia akilia. Aliniomba niache nusu, baba asiaibike kabisa uzeeni. Kwa ajili ya mama nilikubali: nusu washuke nyumbani, nusu waendelee mjini.

Ng'ombe waliletwa nyumbani kwa baba kwa lori la fuso. Dereva aliegesha nje ya boma, wakawa wanalia humo huku watu wakila. Mwalimu alikuwa ameketi mkekani na kina mama, amestaafu sasa, miguu yake imevimba. Kabla ya kushusha, baba alisimama kuzungumza. Alivaa koti.

"Wageni, mnachukua kichwa," alisema. "Huyu mtoto tangu mdogo nilijua ana akili."

Mzee mmoja wa upande wa pili, mtani wake, alidakia. "Ulijua nini wewe? Tumesikia ulimtuma afeli."

"Ndiyo nilimtuma," baba alisema huku anacheka. "Dada yake mkubwa nilimwambia nini? Sikumwambia kitu, nilijua atafeli mwenyewe. Mjinga haambiwi afeli. Huyu tangu darasa la pili alikuwa anahesabu ng'ombe wa jirani wakiwa wanakimbia na hakosei. Ningemwacha, angefaulu."

Walicheka wote. Wengine walipiga makofi. Yeye alijifuta machozi ya kicheko.

Miaka yote ile niliamini kwamba mtu mmoja tu ndiye aliyeniona. Kumbe walikuwa wawili, na baba alitangulia. Nilikuwa nimemchukia kama mtu asiyejua alichokishika mkononi, na asiyejua unaweza siku moja kumsamehe. Huyu alijua tangu darasa la pili. Aliniona vizuri kuliko mwalimu, na alichofanya na kile alichokiona ni kuniambia nichague majibu yasiyo.

Niliinuka. Mama alinishika kanga.

"Mayu, niache," nilimwambia.

Nilikwenda kwa dereva, ambaye alikuwa ameshaanza kufungua ubao wa nyuma, nikamwambia afunge. Asishushe hata ndama. Watu wakageuka kutazama. Baba alinifuata, kicheko hakijamtoka vizuri mdomoni.

"Hata mmoja?"

"Mwalimu alijua akaniambia," nilisema. "Wewe ulijua kabla yake."

Nikamgeukia dereva, nikamwambia wote waende Ngokolo. Wazee walianza kuitana pembeni. Mchumba wangu alimshika mwalimu mkono, akampandisha mbele kwa dereva, na nilimsikia mwalimu akilalamika kwamba wote hao atawaweka wapi Ngokolo, majirani watamsema. Hakusema washushwe.

Fuso iligeuza, vumbi likatufunika. Lilipotulia baba alikuwa amesimama kwenye lango la zizi. Alikuwa ameng'oa majani yote ndani yake, amelifagia, ameweka na miba mipya kwenye ua. Nilimwacha nalo.